Fungueni Uzio, Watu Waone

Jumamosi iliyopita nilimchukua binti yangu tukapanda treni hadi City, ile sehemu ya London yenye mabenki, nimwonyeshe mahali nilipokuwa nalinda usiku kabla hajazaliwa. Enzi zangu pale palikuwa shimo. Sasa pamesimama jengo la vioo, refu mpaka shingo inauma kulitazama. Tuliingia mapokezi, nikamuuliza kijana aliyekaa pale kama wameweka kibao, picha, au hata kikabati chenye vile vitu vya Warumi vilivyotoka chini ya jengo lile. Kijana wa watu alikuwa na adabu zake. Alitafuta kwenye kompyuta, akampigia mtu simu, kisha akaniambia kwa upole kwamba hapo hapajawahi kupatikana kitu cha Warumi.

Hapajawahi! Na mimi nimekishika kwa mkono wangu huu.

Nimekaa na maneno yale wiki nzima, ndiyo maana naandika. Yule kijana simlaumu, hakuna aliyemwambia. Nawalaumu waliojua wakanyamaza.

Ilikuwa hivi. Wenye kazi walivunja jengo la zamani, wakazungushia uzio wa mbao mrefu kuliko mtu, na kabla ya zege kumwagwa wakaingia wanaakiolojia. Walikaa pale miezi, mvua yao baridi yao, wamepiga magoti kwenye tope na miko mikononi. Ni mwiko uleule wa fundi ujenzi, ila wao walikuwa wanakwangua, punje kwa punje. Sisi walinzi tulipewa amri mbili: asiingie mtu asiye na kadi, na asipige mtu picha. Mchana wapita njia walikuwa wanakuja kuchungulia kwenye nafasi kati ya mbao, na mlinzi wa zamu anawaondoa. Nilipopangiwa mchana nami niliwaondoa. Niliondoa wazee, niliondoa watoto wa shule, nilimwondoa mama mmoja aliyekuja na kiti chake cha kukunja na chupa ya chai. Yule mama sijamsahau. Alikunja kiti chake bila kusema neno.

Alfajiri moja, zamu yangu inakaribia kwisha, dada mmoja mwanaakiolojia alifika kabla ya wenzake, akaniita niteremke. Kule chini walikuwa wameukata udongo ukasimama wima kama ukuta, matabaka yake yanaonekana moja juu ya jingine. Katikati lilipita tabaka jekundu, unene wa kiganja, wekundu wa tanuri la matofali. Akaniambia huo ndio moto wa Boudica. Boudica alikuwa malkia wa Iceni, watu wa mashariki ya Uingereza. Warumi walimchapa mijeledi na kuwanajisi binti zake, naye akainua jeshi, akauchoma mji wa Camulodunum, yaani Colchester ya leo, kisha akaja kuichoma London. Ulikuwa mwaka 60 au 61 baada ya Kristo. London yenyewe ilikuwa haijafikisha hata miaka ishirini. Wanaochimba sehemu hii ya mji hukutana mara kwa mara na wekundu ule. Ukiuona, unajua umefika mwaka gani.

Kisha akainama, akatoa kwenye trei bonge la udongo ulioungua, akanipa nilishike. Lilikuwa ukubwa wa ngumi. Upande mmoja laini, upande wa pili una mifereji miwili iliyokaa sambamba, kila mmoja unatosha kidole. Akaniuliza kama najua ni nini. Aliuliza kama mwalimu anavyouliza, jibu akiwa nalo tayari.

Nilijua kabla hajamaliza swali. Zile ni alama za fito. Nyumba ya bibi yangu Pangani ilikuwa ya kukandika, na nimeikandika kwa mikono hii nikiwa mtoto. Unasimamisha nguzo, unafunga fito kwa kamba, mmoja anakaa ndani mwingine nje, mnabandika udongo pamoja ili ukutane katikati ya fito na kushikana. Ukishakauka kidogo unasiriba. Masika yakipita, sehemu ya chini ya ukuta hubomoka, na mabonge yanayoanguka yana mifereji ileile, upande mmoja laini, upande mmoja umekula fito. Bibi alikuwa anatutuma tuyaokote, tuyaloweke, tuyabandike tena.

Nikamwambia dada yule: upande huu laini umesiribwa, huenda ndio waliokuwa wanautazama. Fito zao zilikuwa nyembamba. Na hivi vitundu vidogo, hapa palikuwa na nyasi, walichanganya nyasi ili udongo usipasuke, moto ukazila zikabaki nafasi zake. Akatoa daftari. Akaniuliza udongo unaloweka muda gani, unakanyaga kwa miguu au kwa jembe, nyumba moja inachukua watu wangapi, ukuta unadumu masika mangapi. Tulisimama pale mpaka wenzake wakafika na mimi zamu yangu imeshapita nusu saa. Bonge likarudi kwenye mfuko wake wenye namba. Baada ya wiki chache kijiko, ile mashine ya kuchimbia, kikaingia, zikashushwa nondo, zege likamwagwa.

Watu wengi wakisikia Warumi wanawaza marumaru, nguzo nene na masanamu. Marumaru ilikuwepo, sikatai. Lakini London ya kwanza, ile iliyoungua, sehemu yake kubwa ilikuwa mbao na kukandika. Hilo mimi sikulisoma mahali. Nililishika. Na kama amri ya picha na kadi ingefuatwa barabara, nisingelishika, na yule dada asingeandika alichoandika.

Hoja yangu ni hiyo tu, na nitaishikilia. Jengo la kale likitokea chini ya mji ambao watu wanaishi, uzio ufunguliwe watu waone, papo hapo lilipo, kabla ya zege. Naomba siku, wala si mwaka. Jumamosi moja yenye foleni, kamba, kofia ngumu na mtu wa kueleza. Au dirisha kwenye uzio, la kioo, kwa urefu wa mtoto na urefu wa mtu mzima. Hatujui ni nani kati ya wapita njia ana kipande cha jibu. Huenda ni fundi bomba ambaye akiona mfereji wa Kirumi anajua mara moja maji yalikuwa yanaelekea wapi. Huenda ni mama wa Kibangladeshi au Kisomali aliyejenga jiko la udongo. Mji huu umejaa watu waliojenga kwa mikono, na ndio hao hao wanaofagia maofisi usiku na kusukuma toroli mchana. Wanaambiwa wasichungulie.

Wala sidai jambo geni. London ilishawahi kulifanya, na likawa kubwa kuliko lolote lililotokea baadaye. Mwaka 1954, kando ya kijito cha Walbrook ambacho siku hizi kimefukiwa chini ya barabara, palikuwa na kiwanja kilichobomolewa na mabomu ya vita, panasubiri kujengwa maofisi. Mwanaakiolojia W. F. Grimes alikuwa anachimba pale na watu wake, muda umewaishia. Septemba 18, siku waliyopanga kufunga kazi, kikatoka kichwa cha marumaru cha kijana aliyevaa kofia ya Kifrigia, yenye ncha iliyoinamia mbele. Alikuwa Mithras, mungu ambaye askari na wafanyabiashara wa Kirumi walimwabudu kwa siri, na jengo lile walilokuwa wakilichimba bila uhakika likajulikana kuwa hekalu lake.

Gazeti likatoa picha. Watu wakaja, wakaendelea kuja. Foleni ilizunguka mitaa, makarani wametoka kazini na mikoba yao, wazazi na watoto. Inakadiriwa katika wiki mbili walifika hadi 400,000. Vita vilikuwa vimekwisha miaka tisa tu, chakula kilikuwa ndiyo kwanza kimeacha kugawiwa kwa kadi mwaka uleule, mji bado una mashimo ya mabomu, na watu wakasimama masaa wakisubiri kuona kuta za mawe zinazofika magotini. Baraza la mawaziri la Churchill lililazimika kulijadili. Hakuna mwanasiasa aliyeanzisha hilo. Lilianzishwa na foleni.

Hata hivyo hekalu halikubaki mahali pake. Kulihifadhi palepale kungegharimu fidia ambayo serikali haikutaka kuilipa, basi likang'olewa jiwe kwa jiwe, na mwaka 1962 likajengwa upya kama mita mia moja kutoka pale, juu ya paa la maegesho ya magari, juani, kwa saruji. Hekalu la Mithras hujengwa liwe kama pango. Unateremka gizani, unakaa kwenye mabenchi pande mbili, taa chache, mbele yenu mungu anachinja fahali. Wao wakalianika kama samaki. Kwa zaidi ya miaka arobaini watu walilipita wakienda kula mchana, na siwezi kuwalaumu kwa kutoligeukia.

Kisha kampuni ya Bloomberg ikanunua kile kiwanja cha awali. Wanaakiolojia wa Makumbusho ya London wakachimba tena kuanzia 2010 hadi 2014, wakatoa vitu zaidi ya 14,000 kwenye tope la Walbrook, maana tope lenye maji halipitishi hewa, na pasipo hewa mbao na ngozi haziozi. Hekalu likashushwa mita saba chini ya barabara, karibu kabisa na pale Grimes alipolikuta, likafunguliwa Novemba 2017. Kuingia ni bure. Jumamosi ile ile, tulipotoka kwenye jengo la vioo, nilimpeleka binti yangu huko. Alikuwa amenuna, alikuwa amenisikia miaka yote nikisimulia bonge langu la udongo, halafu mtu kwenye kompyuta amesema halikuwepo. Tukateremka ngazi.

Huko ndiko alikochangamka, na hekalu silo lililomchangamsha. Ni vibao vya mbao. Warumi walikuwa wakiandika kwa kalamu ya chuma kwenye nta iliyopakwa juu ya kibao. Nta imeyeyuka zamani, lakini pale mwandishi alipokaza mkono kalamu ilikwaruza ubao wenyewe. Pale Walbrook vilitoka vibao 405. Kimoja kina tarehe ya Januari 8, mwaka 57. Anayeandika ni Tibullus, mtumwa aliyeachwa huru wa mtu aitwaye Venustus, anakiri kwamba anadaiwa na Gratus, naye mwachwa huru wa Spurius, dinari 105, bei ya bidhaa zilizouzwa na kukabidhiwa. Nilimtafsiria polepole. Neno dinari lenyewe tumelipata kwa Waarabu, nao asili yake ni fedha ileile ya Warumi. Binti yangu akauliza: "Alilipa, Baba?" Nikamwambia kibao hakisemi. Akafikiri. "Labda ndiyo maana walikitupa. Ukishalipa deni si unatupa karatasi?" Mtoto wa miaka tisa, kasimama dakika kumi mbele ya kipande cha ubao.

Niliposimulia haya kwenye kundi letu la familia, shemeji yangu alinitumia ujumbe wa sauti wa dakika nne. Kwa kifupi: "Shemeji, hao Warumi walikuwa wakoloni wa Waingereza, na Waingereza wakaja kuwa wakoloni wetu. Mawe yao yanakuhusu nini wewe mtu wa Pangani?" Namheshimu shemeji na nimemjibu kwa heshima, lakini nalijibu na hapa kwa sababu najua si yeye peke yake.

Kwanza, waliokandika ile nyumba si lazima wawe Warumi. Mji ule ulijaa watu wa kila sehemu ya dola, watumwa, waachwa huru, wenyeji. Mkono uliobandika udongo ule huenda ulikuwa wa mtu asiye na kauli yoyote, na amebaki na alama hiyo tu duniani. Pili, karne ileile ya Tibullus na deni lake, kulikuwa na mfanyabiashara wa Misri, chini ya utawala wa Warumi, aliyeandika kwa Kigiriki mwongozo wa safari za baharini, na mwongozo huo unashuka pwani yetu. Anaiita Azania. Anataja mashua za kushonwa kwa kamba, ambazo sisi tunaweza kuziita mitepe, anataja meno ya tembo na magamba ya kasa, na soko la mwisho analifahamu kwa jina la Rhapta. Kwa hiyo London ya Tibullus na pwani ya bibi yangu zilikuwa ncha mbili za biashara moja.

Na Rhapta haijapatikana mpaka leo. Profesa Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ameitafuta miaka mingi upande wa Rufiji. Ikiwa itatokea siku moja chini ya kijiko cha mkandarasi anayechimba msingi wa hoteli au barabara, nataka yule dereva wa kijiko awe mtu aliyewahi kuonyeshwa tabaka la udongo, anayejua kusimama na kuita watu. Sheria ya kulinda mambo ya kale Tanzania tunayo tangu 1964. Lakini sheria haikai kwenye kiti cha kijiko.

Sasa wenye majengo wana maneno yao, na baadhi yana ukweli. Bila wao kuvunja na kuchimba, tabaka lile jekundu lisingeonekana kabisa, nakubali. Tangu mwongozo wa serikali wa mwaka 1990, uliotoka baada ya watu kupiga kelele juu ya ukumbi wa maigizo wa Rose wa enzi za Shakespeare na bafu za Kirumi za Huggin Hill, mwenye kujenga ndiye anayebeba gharama za uchimbaji wa kiakiolojia, na fedha hizo ni nyingi, nalo nakubali. Shimo ni hatari kwa watoto. Kweli. Na wanaakiolojia wenyewe wataniambia kwamba mbao iliyokaa majini miaka elfu mbili ukiianika inapasuka kama ganda, kwamba mara nyingine kufukia tena ndiyo kuhifadhi. Hilo linaniuma lakini ni kweli pia, na sisemi kila ukuta ugeuzwe makumbusho.

Ila jambo moja silikubali: kuniambia kwamba picha zimepigwa na ripoti itaandikwa. Ripoti inasomwa na nani? Yule mama mwenye kiti cha kukunja ataipata wapi? Mambo yamekwishafanyika vizuri penye nia, tena katika mji huuhuu. Ukumbi wa michezo wa Kirumi uliogunduliwa 1988 uko chini ya jumba la sanaa la Guildhall, na juu kwenye uwanja wamechora mstari mweusi wa mviringo unaoonyesha ukingo wake, unaukanyaga ukipita. Vine Street kuna kipande cha ukuta wa mji kilichofichwa miaka mingi kwenye chumba cha chini cha ofisi. Tangu 2023 kiko wazi, bure. Pale soko la Leadenhall, kinyozi ana kipande cha basilika ya Kirumi, yaani jumba la mahakama na shughuli za mji, chini ya duka lake. Na mwaka 2025 ikatangazwa kwamba chini ya ofisi za 85 Gracechurch Street zimepatikana kuta za basilika ya kwanza kabisa ya London, ya miaka ya 78 hadi 84 hivi, baadhi zimenyooka ardhini zaidi ya mita kumi, na wenye jengo wakakubali kubadilisha michoro ili watu waje kuziona. Thessaloniki, kule Ugiriki, wameweka kipande cha barabara ya Kirumi ndani ya stesheni ya treni ya chini, baada ya wakazi na wanaakiolojia kupigania miaka. Kwa hiyo inawezekana. Yule aliyejenga juu ya tabaka langu jekundu alishindwa hata kubandika karatasi mlangoni.

Usiku wa Jumamosi ile, mtoto alipolala, niliwaandikia barua wenye jengo, nakala kwa idara ya mipango miji. Nimetaja miezi niliyolinda pale na namba ya geti langu. Nimeomba wanaakiolojia waulizwe ule mfuko wenye bonge uko stoo gani, na kama binti yangu anaweza kuliona. Na nimeomba kibao kimoja ukutani, kando ya mlango, kwenye kimo cha mtoto. Maneno nimewaandikia mwenyewe, kwa Kiingereza na kwa Kiswahili: Chini ya hapa kuna majivu ya nyumba ya kukandika iliyoungua mwaka 60 au 61. Alama za fito zake zilionekana.